Ujumbe wa Ijumaa Jioni



Ijumaa iliyopita, jua likielekea kuzama, nilikuwa nimekaa barazani kwangu huku Kisauni nikingoja chai. Simu ikatoa ule mlio mfupi wa ujumbe. Nikatazama: shule. Nina binti aliye gredi ya 7 katika shule moja ya serikali. Jina la shule silitaji, kwani nitakayoyasema leo yangeweza kusemwa kuhusu shule kumi, na si haki mwalimu mkuu mmoja abebeshwe mzigo wa wenzake. Ujumbe ulikuwa kwa Kiingereza. Nitakueleza ulivyosema, mstari kwa mstari, bila kuupangua.

Mzazi mpendwa, unaanza. Moja: pesa za karatasi za mtihani zifike kabla ya Jumatano. Mbili: wanafunzi wote wavae sweta la shule, na asiye na sweta atarudishwa kutoka langoni. Tatu: Siku ya Utamaduni ni tarehe 14, kila mwanafunzi avae vazi la jamii yake. Nne: gredi ya 7, Jumatatu, waje na kijiko kimoja cha manjano, ndimu moja, kipande cha sabuni ya kufulia na karatasi nyeupe. Asante kwa ushirikiano wako.

Hapo ukaisha.

Hatua chache kutoka kwangu jirani yangu alikuwa amekaa na karai lake. Anauza viazi vya karai, na saa hizo ndizo zake, watu wanaporudi kutoka kazini na njaa imewakaba. Mwanawe yuko darasa moja na binti yangu, kwa hiyo simu yake nayo ilikuwa imelia. Akafuta mikono, vidole bado vina rangi ya ule unga wa kuchovya viazi, akaishika simu mbali kidogo na macho, kisha akaniita.

"Kaka, hebu njoo unisomee hii. Pesa nimeziona. Sweta nimeliona. Hapa chini wanataka nini?"

Nikamsomea. Akageuza viazi, akafikiri.

"Manjano na ndimu? Kwani Jumatatu shule inapika?"

Sikuwa na jibu. Mimi huyu ninayekaa nyuma ya maikrofoni kila wiki nikieleza watu mambo ya dunia, sikuwa na jibu. Nikaingia ndani kumuuliza binti yangu. "Ni za sayansi, baba." Sayansi ya nini? "Mwalimu hajatuambia bado." Basi nikarudi kwenye chai yangu, nayo imepoa.

Hayo ya manjano tuyaweke kando kwa sasa, nitayarudia. Nilichokaa nikakiwaza jioni ile ni kwamba shule ilikuwa imenitumia mistari minne, na katika yote minne hakuna hata mmoja ulioniambia mtoto wangu anajifunza nini. Nimeambiwa nilipe nini, nivishe nini, nifungashe nini. Mimi kwa shule hiyo ni pochi na ni kabati la nguo. Na ubaya wake ni kwamba nimeshazoea. Ujumbe wa shule ukiingia, jicho langu linakimbia moja kwa moja hadi kwenye tarakimu, lione ni shilingi ngapi, halafu linapumzika.

Tukumbushane kidogo sekondari msingi, aliko binti yangu, ni kitu gani. Wengi wetu tulio wazazi leo tulisoma 8-4-4, mfumo ulioanza 1985, na vichwani mwetu shule ina vyumba viwili tu: msingi hadi darasa la 8, unafanya mtihani wa KCPE, kisha sekondari. Nyumba hiyo imebomolewa. KCPE ya mwisho ilifanywa 2023. Katika mtaala wa umilisi, ule tunaouita CBC, mtoto anasoma gredi 6 za msingi, anafanya tathmini ya KPSEA, kisha anaingia chumba cha katikati: gredi ya 7, ya 8 na ya 9. Chumba hicho ndicho sekondari msingi. Baada ya hapo ni sekondari ya juu, miaka 3 mingine.

Chumba hiki cha katikati kilizaliwa kwa uchungu. Marehemu Profesa George Magoha, akiwa Waziri wa Elimu, alizunguka nchi nzima akikagua na kufungua madarasa mapya yaliyojengwa ndani ya shule za sekondari, tukijua huko ndiko watoto wetu watakakokwenda. Serikali ikabadilika 2022, likaundwa jopo la elimu la Profesa Raphael Munavu, na kabla mwaka haujaisha likapendekeza watoto wabaki kule kule kwenye shule za msingi. Januari 2023 gredi ya 7 ya kwanza ikaanza, wengine kwenye madarasa yale yale waliyokuwa wamefunga Novemba, madawati yale yale, mwembe ule ule wa kivuli. Mtoto anaambiwa sasa wewe ni wa sekondari, anatazama kushoto, anaona wa gredi ya 2 wanaimba hesabu. Watoto hao wa kwanza wamekwisha kupita. Walifanya mtihani wa KJSEA mwishoni mwa 2025, na Januari 2026 wakaingia gredi ya 10.

Masomo nayo mwanzoni yalikuwa mengi, watoto wanabeba mikoba kama wapagazi wa bandarini, yakapunguzwa hadi 9: Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara, Hisabati, Elimu ya Dini, Masomo ya Jamii, Sayansi Jumuishi, masomo ya awali ya ufundi, Kilimo, na Sanaa pamoja na Michezo. Hebu jaribu leo usiku kumwuliza mzazi mwenzako ayataje. Mimi nilijaribu na nikakwama kwenye la 6, ilhali nina mtoto humo.

Na matokeo? Hapa ndipo tulipopotea kabisa. Zamani mambo yalikuwa wazi kama mchana. KCPE ilikuwa na alama 500. Mtoto akivuka 400 mtaa mzima unajua, akipata 200 na kitu mtaa mzima unajua vilevile. Na kila muhula swali la mzazi lilikuwa moja, mtoto hajavua hata viatu: "Umekuwa wa ngapi?" Sasa hakuna wa ngapi. Kuna kuzidi matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio, na kuwa chini ya matarajio, na kwenye ripoti vimeandikwa kwa herufi mbili mbili za Kiingereza. Kuna babu mmoja hapa mtaani analea mjukuu. Alipokea ripoti, akaona pale kwenye Hisabati pameandikwa AE. Yeye anajua A ni A. Hiyo E akaichukulia kuwa nyongeza, kama vile mtu anapopewa paja la kuku na kiuno juu yake. Akamnunulia mjukuu soda ya chupa kubwa, na wageni tukanyweshwa. Kumbe AE ni anakaribia matarajio, yaani bado hajafika. Hakuna aliyemwambia, na mjukuu hakuona sababu ya kuharibu karamu.

Tumecheka, lakini jambo hili lina uzito. Katika matokeo ya KJSEA yanayompeleka mtoto sekondari ya juu, asilimia 60 inatoka kwenye mtihani wenyewe wa gredi ya 9, asilimia 20 inatoka kwenye KPSEA ya gredi ya 6, na asilimia 20 iliyobaki ni tathmini za shuleni za gredi ya 7 na ya 8. Kwa hiyo hizo tathmini wanazofanyiwa gredi ya 7 zinaingia kwenye hesabu. Tena akifika huko mbele mtoto anachagua njia moja kati ya tatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, au sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Anachagua akiwa na miaka 14 au 15. Mzazi ambaye kwa miaka 3 ameletewa habari za sweta tu atamshauri nini?

Na kwa kuwa nimelitaja sweta, wacha niseme yaliyo moyoni.

Hapa ni Mombasa. Mwezi Machi, pepo za kaskazi zimekufa na kusi haijaanza kuvuma, ukuta wa nyumba ukiugusa usiku wa manane bado una moto wa mchana. Katika mwezi huo mtoto anaambiwa avae sweta zito lenye mikono mirefu, sweta ambalo lingemfaa mtu wa Limuru akienda kuchuma majani chai alfajiri. Nimesimama langoni nikatazama wanavyofanya. Mtoto analibeba sweta mkononi kutoka nyumbani. Hatua tano kabla ya lango analivaa. Anapita mbele ya mwalimu wa zamu, mwalimu anaitikia kwa kichwa. Hatua tano baada ya lango analivua. Hatua kumi kwa jumla. Kwa hatua hizo kumi nimelipa shilingi 900. Nilimwuliza mwalimu mmoja faida ya sweta lile. Akaniambia ni nidhamu. Sikubishana naye, kulikuwa na joto.

Usinielewe vibaya, mimi sare naipenda. Nimekulia ndani ya sare, na najua inavyomsitiri mtoto wa maskini. Wote wakivaa kijivu na nyeupe, hujui nani baba yake ana duka Mtaa wa Biashara na nani mama yake anafua nguo za watu. Hiyo ni faida kubwa. Ila watoto wa umri huu wana jambo lao. Mtoto wa miaka 12 hadi 15 anakua kama mhindi wakati wa masika. Mwana wa jirani yangu, huyo wa viazi, ana suruali moja ya shule. Itazame kwa chini. Juu ya upindo kuna mistari miwili ya rangi ya kijivu kibichi, kijivu cha dukani, na suruali iliyobaki imepauka kwa jua na sabuni. Kila mstari ni mahali upindo ulipokuwa umekunjwa kabla fundi hajaufumua na kuushusha. Mstari mmoja ni gredi ya 6, mwingine ni gredi ya 7. Sasa kitambaa cha kushusha kimekwisha, na soksi zinaonekana. Ukitaka kujua mtoto huyu amekua kiasi gani tangu mwaka juzi, huhitaji kumpeleka kliniki. Chukua rula upime mistari hiyo.

Na shule nyingine zinataka wa sekondari msingi watofautishwe na wadogo zao kwa sare mpya: shati la rangi nyingine, tai, sketi ya marinda badala ya gauni. Nafsi ya mtoto naielewa, hataki kufanana na wa gredi ya 2. Mfuko wa mzazi nao nauelewa. Ningependa shule ikitaka kubadilisha sare ianzie na wanaoingia, itoe taarifa muhula mzima kabla, na mzazi awe huru kumpelekea fundi wake kitambaa. Kukiwa na duka moja tu linaloruhusiwa kuuza sare hiyo, mimi mwenzenu nywele hunisimama.

Kuhusu nywele zenyewe, na vilemba na mitandio, mambo hayo yamefika hata mahakamani. Septemba 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba shule moja ya Nairobi ilikiuka haki za mwanafunzi wa Kirasta kwa kumfukuza kwa sababu ya rasta zake. Januari mwaka huo huo Mahakama ya Juu ilikuwa imetengua uamuzi wa Mahakama ya Rufaa uliowaruhusu wasichana wa Kiislamu katika shule moja ya Isiolo kuvaa hijabu. Lakini sababu ilikuwa namna madai yalivyowasilishwa, na suala lenyewe la hijabu likabaki bila kuamuliwa. Kwa hiyo mtu asije akakuambia langoni kwamba mahakama imepiga marufuku hijabu. Huku kwetu pwani, namshukuru Mungu, mtandio mweupe kichwani na kofia ya Ijumaa si habari. Wasichana wanaukunja vizuri, wanaingia darasani, maisha yanaendelea. Lakini kuna wasikilizaji wetu walio mbali na hapa, na kwao hili si dogo.

Na pesa? Nitapita haraka. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inasema mtoto asifukuzwe kwa kukosa ada zinazotozwa, na inasema pia kwamba mtu asikusanye mchango wowote bila kutoa risiti rasmi. Risiti rasmi, msikilizaji. Ujumbe wa "tumepokea, asante mzazi" sio risiti. Ukilipa, idai, kwa adabu.

Siku ya Utamaduni sasa. Muhula uliopita shule ilituma tarehe, kisha usiku wa kuamkia siku yenyewe, saa 4 na dakika kadhaa, ikatuma kwamba imeahirishwa. Mimi saa 4 usiku nimelala. Asubuhi binti yangu akaondoka amefungwa kisutu, chepeo kipya cha ukili kichwani, kikuku cha bibi yake mguuni, maridadi kama bi harusi. Akafika, shule nzima iko kwenye sare. Alikaa na kisutu chake mpaka saa 9 alasiri. Aliporudi hakulia. Alivua, akakunja, akaweka sandukuni, akaniambia, "Baba, hiyo simu yako uwe unaisoma." Maneno hayo yalinikaa wiki nzima.

Na hata siku hiyo iliyoahirishwa ilipofika, nilikwenda, na niliyoyaona yalinishangaza. "Vazi la jamii yako", wameambiwa. Sasa mtoto wa Mombasa ambaye baba yake ni Mluo, mama yake Mgiriama, amezaliwa Changamwe na anaota kwa Kiswahili, avae nini? Wengi walitatua tatizo kwa kukodi shuka nyekundu za Kimaasai, maana ndizo zinazopatikana. Ukitazama uwanja ungedhani Kajiado yote imehamia Kisauni. Msichana mmoja tu ndiye aliyekuja na hando, lile vazi la vitambaa vingi la wanawake wa Kimijikenda, linalopanua kiuno. Bibi yake alikuwa amemfunga mwenyewe, na bibi alikuwepo pale, amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwembe. Bibi yule anajua kitambaa kinakatwaje, kinapangwaje, huvaliwa lini na nani. Katika Masomo ya Jamii yeye alikuwa ni kitabu kilichofunguliwa. Hakuna aliyemwuliza neno. Mwalimu alipita, akapiga picha, akamshukuru kwa kuja, programu ikaendelea na mgeni wa heshima akahutubia kwa dakika 40.

Sasa msikilizaji utasema nawaonea walimu. Nawajua walimu wa sekondari msingi. Ni wachache, na mmoja aliyesomea masomo mawili anajikuta ameshika manne. Wengi walianza kazi kama wanagenzi kwa malipo madogo, na mwaka 2024 waligoma wakidai ajira ya kudumu, wakawa barabarani wakati watoto wako darasani peke yao. Mtu wa namna hiyo, Ijumaa jioni, ameshasahihisha madaftari ya madarasa matatu, anaambiwa na ofisi, "Watumie wazazi ujumbe." Anaandika kinachohitajika haraka, kwa Kiingereza cha ofisi. Simlaumu. Nauliza tu kama haiwezekani afanye kazi ile ile, kwa muda ule ule, kwa namna nyingine.

Kwanza ni lugha. Katiba yetu, Ibara ya 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kwa hiyo shule ikimwandikia mzazi wa Kisauni kwa Kiswahili haivunji sheria wala haijishushi hadhi. Jirani yangu si mjinga. Anaendesha biashara, anakopa na kulipa, anajua bei ya mafuta ya kupikia Kongowea kuliko waziri. Kiingereza cha ofisi ndicho kinachomfanya anisogelee na simu aniambie "kaka nisomee". Siku nisipokuwepo atasoma tarakimu peke yake, na atadhani ndizo habari zote.

Pili ni mpangilio. Kuna mwalimu mmoja ninayemfahamu, anafundisha Hisabati ng'ambo ya Likoni. Huyu haandiki. Kila Ijumaa, akishafunga ofisi, anarekodi sauti ya dakika moja kwenye kundi la wazazi, kwa Kiswahili, na mambo ya pesa na nguo anayaweka mwisho. Nilimwomba anisikilizishe moja. Alisema hivi, kwa maneno yangu: wiki hii tumejifunza pembetatu yenye kona mraba, na kwamba ukizijua pande mbili unaweza kuipata ya tatu. Mwombe mtoto akuonyeshe kwa mfano wa 3, 4 na 5. Akishindwa, niandikie, nitarudia Jumanne. Halafu: Jumatano ni michezo, waje na raba. Kwaheri.

Sekunde 50. Na unajua nini kilitokea? Baba mmoja kundini, fundi mwashi, mtu ambaye kwa muhula mzima hakuwahi kuandika chochote isipokuwa "sawa mwalimu", alirudisha sauti ya dakika tatu. "Mwalimu, hii mimi naifanya kila siku! Nikianza msingi wa nyumba, nafunga kamba. Futi 3 huku, futi 4 huku, nikipima mshazari usipotoka 5, najua kona imepinda, navunja naanza upya." Jumanne mwalimu alimwalika. Fundi alikuja na kamba na vigingi vyake, watoto wakapima kona ya darasa lao wenyewe, wakakuta imepinda. Mwalimu ananiambia kwamba wanafunzi walishangilia kama timu imefunga bao, na kwamba mwalimu mkuu hakufurahi sana.

Mambo ya intaneti na simu za bei hayakuhusika hapo. Shule nyingine zina programu maalumu za kuwatumia wazazi taarifa, zina rangi na picha, na bado ukizifungua unakutana na sweta.

Nikurudishe kwenye manjano, kisha nikuage, maana mwenzangu wa taarifa ya habari ananitazama kupitia kioo.

Jumatatu jioni nilipita kwa jirani yangu kununua viazi vya shilingi 50. Karai lilikuwa bado halijapata moto. Yeye alikuwa ameinama juu ya beseni anafua shati jeupe la shule la mwanawe, kwa sababu Jumapili mtoto alimsaidia kuchovya viazi kwenye unga akiwa amelivaa, na ule unga una manjano. Doa kubwa mbele ya kifua. Analipaka sabuni ya mche, analisugua, na doa, badala ya kutoka, likageuka jekundu, jekundu la damu ya mzee.

"Unaona?" akaniambia. "Manjano ndivyo yalivyo. Ukiyatia sabuni yanakuwa mekundu. Mama yangu alikuwa akitupiga kwa ajili ya doa hili."

Mtoto alikuwa kizingitini anakula kiazi cha kuchemsha cha chumvi. Akasimama. "Mama, hicho ndicho tulichofanya leo!" Akaingia ndani, akatoka na nusu ndimu iliyobaki, ile ya shuleni, imeshaanza kukauka. Akalitandaza shati juu ya goti lake, akakamua matone mawili katikati ya doa. Pale yalipoanguka, wekundu ukakimbia, manjano yakarudi, duara dogo kama sarafu. Akaanza kueleza: sabuni ni besi, ndimu ni asidi, manjano ni kitambuzi, yanakuambia kipi ni kipi hata kama huwezi kukionja. Akalipaka sabuni tena, likawa jekundu. Ndimu tena, njano. Mama yake aliacha kufua akatazama, mikono imening'inia, povu linadondoka.

Kisha akanigeukia.

"Kumbe ndicho walichokuwa wanataka?" akasema. "Si wangeniambia. Ningekwenda mimi nikawaonyeshe, tena na vyombo vyangu."